Kuunda droni kubwa ya mwendo mrefu na mtulivu: niliyojifunza kutoka Mombasa hadi Longisa

Tangu nilipotaja kwa kupita kwamba nimerusha bara droni niliyoiunda kwa mikono yangu, vijana kadhaa wa Mvita, Likoni na Malindi wamekuwa wakiniuliza swali moja: chombo kile chaundwaje? Hawaulizi zile ndogo za harusini ambazo mtu hununua asubuhi na kuzirusha jioni. Wauliza ile kubwa inayoendeshwa kwa miwani, rubani akaona mbele kana kwamba amekaa ndani yake, ile ambayo wenyewe huiita FPV. Nao wataka iwe ya kukaa hewani muda mrefu, iende taratibu, na picha yake isitetemeke.

Leo nayaweka yote pahali pamoja ili atakaye ajue cha kununua, cha kuogopa na cha kuombea ruhusa. Mimi si mhandisi. Nina diploma ya umeme niliyoipata zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mpwa wangu mwenye macho makali na subira ndogo. Makosa tuliyofanya tuliyalipia, kwa hivyo wewe huna haja ya kuyanunua tena.

Jambo lenyewe lilianzia nyumbani. Mke wangu ni mzaliwa wa Longisa, kaunti ya Bomet. Ukitoka Nairobi kwa njia ya Narok, wapita Mulot, kisha Longisa, kabla ya kufika mji wa Bomet. Sisi wa Mombasa tunaijua nchi ile kwa chai, kwa sababu chai ya Kericho na Bomet hushuka kwetu kuuzwa katika mnada ambao umekuwa Mombasa tangu mwaka 1969. Longisa yenyewe iko upande wa mashariki, ambako mahindi na ng'ombe wa maziwa ni vingi kuliko michai. Michai ya kutandika zulia hasa iko upande wa Konoin na Kericho. Baba mkwe wangu anaishi pale juu ya mteremko. Magoti yake yamemkatalia, na kwa miaka mingi hajashuka hadi kwenye shamba la chini, kando ya kijito. Siku moja aliona picha za angani kwenye simu ya mke wangu akauliza, "Hiyo kitu inaweza kunipeleka mpaka kule chini?" Nikasema yaweza. Nilisema haraka, na kazi ilianza hapo.

Kwa nini iwe kubwa

Droni ya rafadha nne haina mbawa. Kila sekunde iliyo hewani, mota zake zinafanya kazi ya kuibeba. Kwa hiyo swali la kwanza ni la uzito na upana wa rafadha, kabla ya kuuliza mota ina nguvu kiasi gani.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Ni rahisi zaidi kusukuma hewa nyingi polepole kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi. Ukichukua rafadha za inchi 5, ambazo ndizo za vyombo vya mashindano, ukaweka za inchi 10, upana umezidi mara mbili lakini eneo la hewa linalofagiwa limezidi mara nne. Kwa uzito ule ule, nguvu inayohitajika kusimama hewani hupungua kwa takriban nusu. Faida ya pili ni kwamba chombo kikubwa hakitingishwi ovyo na upepo mdogo, na rafadha zake hazipigi kelele ile ya nyigu.

Hasara pia ipo. Rafadha kubwa ni nzito, huchelewa kuongeza na kupunguza kasi, kwa hivyo chombo hakiwezi kupinduka na kucheza kama kile kidogo. Nayo yaweza kukata vidole. Rafadha ya inchi 10 si kitu cha kufanyia mzaha. Sisi tuna kiapo nyumbani: rafadha hazifungwi mpaka chombo kiko uwanjani.

Ni vyema pia kujua mpaka wa chombo hiki. Kazi za masafa marefu kweli kweli hufanywa na ndege zenye mbawa. Damu inayosafirishwa kwa droni huko Rwanda tangu mwaka 2016 hubebwa na ndege za mbawa. Hata ramani ya Unguja na Pemba iliyoanza kupigwa mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishiriki, ilipigwa kwa ndege nyepesi za mbawa. Mbawa hubebwa na hewa, na mota hubaki na kazi ya kusukuma tu. Droni ya rafadha nne unaichagua kwa sababu inapaa na kutua palepale, inaweza kusimama hewani, na inaweza kupita polepole juu ya kitu unachotaka kukitazama.

Vipande vyake

Fremu. Tumia ya nyuzi za kaboni, mikono yake iwe na unene wa milimita 6 au zaidi. Mkono mwembamba hulegea na kutetemeka, na mtetemo huo hakuna programu itakayoufuta vizuri. Kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo usiache waya mtupu ukaigusa.

Mota. Kwa rafadha za inchi 10 na betri ya seli sita, mota za ukubwa wa 3110 hadi 3115 zinafaa. Tarakimu mbili za kwanza ni upana wa kiini kwa milimita, mbili za mwisho ni kimo chake. Kisha kuna tarakimu ya KV, nayo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja bila mzigo. Kwa kazi hii tafuta karibu 900. Usivutwe na KV kubwa: mota itakula umeme na kupata joto bila kukupa muda hewani.

Rafadha. Chagua za panga mbili ikiwa shabaha yako ni muda. Za panga tatu ni tulivu kidogo kwenye kona lakini hula zaidi. Nunua seti mbili za ziada, kwa sababu rafadha iliyochubuka ncha ni chanzo cha kwanza cha picha yenye mawimbi.

Kidhibiti kasi cha mota. Bodi moja inayohudumia mota nne, ya ampea 50 au 60, inatosha. Kwenye nyaya za betri lehemu kapasita ya volti 35 au 50, mikrofaradi 1,000, ili kumeza mirindimo ya umeme. Wengi huiacha kwa kuona ni kitu kidogo, kisha hushangaa picha ina mistari.

Bodi ya kuongozea. Hii ndiyo akili ya chombo, ina jairo, yaani kihisi cha mzunguko. Programu ya Betaflight inajulikana zaidi na ina njia ya dharura ya kurudi kwa setilaiti. INAV ni nzuri kwa anayetaka chombo kishikilie pahali na kurudi nyumbani kwa utulivu zaidi. Chagua moja, uijue, usiruke huku na kule.

Kwa jumla chombo chetu bila betri kilikuwa na uzito wa kilo 1.25 pamoja na kamera ya kurekodia. Betri ilileta jumla karibu kilo 2.1. Kwa mwendo wa taratibu inatosha mota zote pamoja ziweze kuinua mara tatu au nne ya uzito huo. Anayetaka mara kumi anaunda chombo cha mashindano, na hiyo ni habari nyingine.

Betri ndiyo safari

Zipo betri za aina mbili. Za lipo hutoa umeme mwingi kwa ghafla, zinafaa kwa michezo. Za lithiamu-ioni, zile seli za mviringo kama za tochi kubwa, hutoa taratibu lakini hubeba umeme mwingi zaidi kwa kila gramu. Kwa mwendo mrefu, hizi ndizo.

Tulitumia seli za saizi ya 21700, yaani upana milimita 21 na urefu milimita 70, kila moja ampea-saa 4.2 na uzito wa gramu 70 hivi. Sita zikipangwa kwa mfululizo hutoa volti 21.6 za kawaida, na 25.2 zikijaa. Safu mbili sambamba hufanya seli kumi na mbili, kama wati-saa 181.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamefika uwanja wa ndege. Betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kabisa kwa abiria. Kati ya 100 na 160 yataka idhini ya shirika. Chini ya 100 wabeba mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Kwa hiyo usiunde pakiti moja ya seli kumi na mbili. Unda mbili za seli sita sita, kila moja wati-saa 90 na kitu, uziunganishe kwa waya pacha ukifika. Kabla ya kuziunganisha pima volti zake: zikitofautiana, moja itaimiminia nyingine umeme kwa kishindo.

Usichaji ukalala. Usichaji juu ya kitanda au zulia. Seli iliyobonyea au kuchanika sleevu yake haitumiki tena, hata ikiwa inawaka. Ukiwa hewani, anza kurudi seli ikifika volti 3.4, uwe umetua kabla ya 3.1. Ukiziweka nyumbani kwa wiki, ziache karibu 3.7, si zikiwa zimejaa.

Kuunganisha

Fundi wa redio yeyote wa mtaani atakuambia: kazi ya kulehemu huonekana kwa macho. Kiungo kizuri hung'aa na kutandaa, kibaya hufanya donge. Waya nene za betri zataka kifaa chenye joto la kutosha. Kikiwa dhaifu utakaa juu ya bodi mpaka uichome.

Skrubu za mota ziwe na urefu sahihi. Ikizidi milimita moja tu itagusa nyaya za shaba ndani, na mota itaungua siku ya kwanza. Tulipoteza mota moja hivyo, na skrubu niliikaza mimi mwenyewe. Weka gundi ya skrubu ya buluu, kwa kuwa mtetemo hulegeza kila kitu.

Mara ya kwanza unapotia umeme, usichomeke betri moja kwa moja. Tumia kizuia-moshi, kifaa kidogo kinachokata umeme pakiwa na hitilafu. Bei yake ni ndogo kuliko ya bodi.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu wa ziada, chumvi. Hewa ya bahari hula shaba polepole. Paka bodi zote rangi maalumu ya kukinga unyevu, ila usizibe milango ya waya wala kihisi cha shinikizo la hewa.

Kuituliza

Watu hudhani utulivu wa picha unatoka kwenye kamera. Kamera husaidia mwisho. Utulivu huanza kwenye chuma na kaboni: rafadha zilizosawazishwa, mikono iliyokazwa, betri iliyofungwa isicheze, na uzito uliokaa katikati. Weka chombo juu ya vidole viwili, mahali mikono minne inapokutana. Kikiinama mbele au nyuma, sogeza betri.

Baada ya hapo ndipo programu. Washa mawasiliano ya pande mbili kati ya bodi na vidhibiti kasi, ili bodi ijue kila mota inazunguka mara ngapi, ichuje mtetemo wa kasi hiyo hasa. Rafadha kubwa huzunguka polepole, kwa hiyo mtetemo wake uko chini kuliko wa chombo kidogo, na mipangilio iliyonakiliwa kutoka droni ya inchi 5 haifai. Rekebisha kidogo kidogo. Ruka dakika moja, tua, guza mota. Ikiwa ya moto mkono usistahimili, umezidisha.

Punguza pia ukali wa vijiti vya redio. Kwa mashindano watu huweka nyuzi 700 au zaidi kwa sekunde, kwa mwendo wa taratibu 300 zatosha. Kamera ya rubani iinuliwe nyuzi 10 hadi 20 tu. Ukiiinua sana, chombo hakitaonyesha mbele mpaka kikimbie.

Siri iliyobaki ni ya mkono. Tumia kijiti cha kulia na cha kushoto pamoja kila unapokata kona, kama nahodha anavyoshika usukani na kulegeza demani kwa wakati mmoja. Kona ya kijiti kimoja huonekana kwenye picha kama mtu aliyejikwaa.

Redio, picha na marejeo

Redio ya kuongozea ya mfumo wa ExpressLRS kwenye gigahezi 2.4 inafika mbali kuliko unavyohitaji. Kuna inayotumia megahezi 915 ya soko la Marekani. Hiyo iache: hapa kwetu masafa hayo yanagusana na ya simu za mkononi za bendi ya 900, nawe hutaki kuwa mwizi wa masafa ya jirani. Picha husafiri kwenye gigahezi 5.8. Mawimbi haya hayapiti kilima wala hayapindi. Antena ya chombo isifichwe nyuma ya betri wala kaboni.

Kwa kifaa cha setilaiti, usipae mpaka uone angalau setilaiti kumi, kwa sababu pale unapowasha mota ndipo chombo huandika "nyumbani". Ukiwasha mapema, nyumbani kwake patakuwa bondeni. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na droni ni vivyo hivyo: jaribu njia ya kurudi kabla hujajaribu njia ya kwenda. Zima redio makusudi chombo kikiwa mita 100 kutoka kwako, juu ya uwanja mtupu, uone kinafanya nini. Tulifanya hivyo mara tano kabla ya kusafiri. Mara ya pili kilipanda badala ya kurudi, tukagundua mpangilio wa kimo ulikuwa umekosewa. Ingetupata Longisa, tungekuwa tumekipoteza.

Hewa ya mlimani si ya Mombasa

Nchi ya Bomet iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya kwetu kwa karibu sehemu moja katika sita. Rafadha lazima zizunguke kwa kasi zaidi kubeba uzito ule ule, na nguvu inayotumika huongezeka kwa karibu asilimia 10. Pwani chombo chetu kilisimama hewani dakika 32, Longisa dakika 29. Anayepanga safari kwa dakika za Mombasa atatua kwenye mahindi ya watu.

Asubuhi pia ni baridi, na seli baridi ni vivu: volti hushuka ghafla unapopaa. Tulizilaza betri ndani ya koti, tukazitoa dakika ya mwisho. Nako mchana si salama. Nchi ya chai hujulikana kwa mvua za alasiri na mvua ya mawe. Ruka kati ya saa moja na saa nne asubuhi, ukiona mawingu yanajikusanya funga mzigo wako.

Karatasi kwanza

Mpwa wangu aliagiza droni yake ya kwanza kutoka nje bila kuuliza mtu. Ilizuiliwa ilipofika, na hakuwahi kuiona tena. Alilia dhuluma, lakini dhuluma haikuwepo. Nchini Kenya mambo haya yanaongozwa na Kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya anga visivyo na rubani, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kuingiza chombo kwataka idhini yao, na kila chombo husajiliwa. Kimo kisizidi futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120, nawe ukae mbali na watu na majengo yasiyo chini yako. Viwanja vya ndege vina masafa yake ya kukaa mbali. Kazi ya malipo ina cheti chake. Na kubwa kwa msomaji wa makala haya: kuruka nje ya upeo wa macho hakuruhusiwi bila idhini maalumu.

Utaniuliza, basi mwendo mrefu una faida gani? Faida ni muda. Chombo cha nusu saa kinakupa nafasi ya kupita shamba lote polepole, kurudia, na kutua bila pupa. Aliyevaa miwani haoni chombo chake, kwa hiyo lazima awe na mtu pembeni anayekitazama kwa macho yake na kumwambia. Upande wa Tanzania nako kuna mamlaka yake na kibali chake, usivuke mpaka ukidhani karatasi za Kenya zatosha.

Kisha kuna sheria ambayo haihitaji serikali. Nyumba zetu za pwani zina ua, na ua ni sitara. Mwanamke anayeanika nguo uani hakuomba jicho juu ya kichwa chake. Dini yetu imekataza kuchungulia nyumba ya mtu, na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 nayo ina la kusema kuhusu picha za watu. Nilidhani nimelielewa jambo hilo vizuri. Longisa ilinionyesha upande wake mwingine.

Asubuhi ile

Tulikwenda na karatasi zetu, tukapita kwa naibu wa chifu, tukawaambia majirani. Baba mkwe aliletewa kiti nje. "Chamgei," tukaamkiana. Mimi nilivaa miwani ya kuongozea, yeye tukamvisha ya pili. Mpwa wangu alisimama kando akitazama chombo kwa macho.

Kilipaa vizuri. Nikakipeleka chini taratibu, juu ya mahindi, juu ya ng'ombe wake mwenyewe, naye akawa anataja kila kitu kwa jina: huu mti, ule mfereji. Alicheka kama mtoto. Tulipofika karibu mita 400, ambako kijito kinapita, alinyamaza.

"Rudi hapo," akasema.

Nikarudi.

"Hapa ni wapi?"

Sikujua la kusema, kwa sababu sikuwa nimewahi kufika. Ukingo wa kijito ulikuwa umebomoka. Kipande kikubwa cha shamba la chini hakikuwepo, palikuwa na udongo mwekundu mtupu na mizizi inaning'inia. Miti aliyoipanda kwa mkono wake, ile aliyokuwa akituhadithia kila tukienda, ilikuwa imelala majini.

"Mjomba, kinaanza kupotea machoni, rudisha," mpwa akaniambia. Nikarudisha. Mzee alivua miwani akaita wanawe wawili kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake. Kumbe walijua. Ukingo ulianguka katika mvua za miaka miwili nyuma, nao kila alipouliza walimjibu kwamba chini ni salama. Hawakuwa na nia mbaya. Walimwona hawezi kushuka, wakaona hakuna haja ya kumpa huzuni asiyoweza kuifanyia chochote.

Siku mbili hakusema nao. Mke wangu naye hakusema nami sana, na alikuwa na haki. "Ungeruka peke yako kwanza," aliniambia. Kweli. Nilikagua skrubu, volti na setilaiti, sikukagua nitakachomwonyesha mtu.

Siku ya tatu mzee aliniita. Alitaka kuona tena picha zilizorekodiwa, kwenye simu, polepole, na mimi nisimamishe kila anaposema. Alikuwa anahesabu miti iliyobaki. Kisha akawaagiza wanawe wapande nepia na mianzi kwenye ukingo kabla ya mvua, na wamwachie kijito nafasi yake. "Afadhali nimeona," akasema. Akaongeza kwamba wanawe angewasamehe upesi zaidi wangemwambia wenyewe. Sikujua kama maneno hayo yalikuwa yao au yangu, nami sikuuliza.

Vijito vya upande ule hatimaye humwaga maji katika mto Mara, kwa hivyo udongo wa mzee haukukaa karibu.

Kwa anayeanza

Mpangilio wangu kwa ufupi ni huu. Jifunze kwanza kwenye programu ya kuigiza urukaji, kwa redio ile ile utakayoitumia, angalau saa ishirini. Shughulikia idhini kabla ya kuagiza kitu. Unda ukiwa na fundi mmoja anayejua kulehemu. Jaribu bila rafadha, kisha uwanjani kimo cha goti, kisha njia ya kurudi, kisha ndipo usafiri. Pima muda upya kila unapobadili kimo cha nchi. Usiruke peke yako. Na kabla ya kumvisha mtu miwani, pita wewe kwanza njia hiyo hiyo, utue, ukae na watu wa nyumba uwaulize ikiwa kuna jambo.

Hatua hiyo ya mwisho haimo katika kitabu chochote cha maelekezo nilichosoma. Nimeiandika kwa kalamu kwenye kifuniko cha sanduku la droni, chini ya ile ya setilaiti kumi.

Wasalaam.